Lancia iliishia wapi? Jibu kwa msomaji wa Mombasa

Swali: «Shikamoo mwalimu. Baba yangu ni mpenzi wa Safari Rally tangu ujana wake. Pasaka ya mwaka 1989 alisimama kando ya barabara ya vumbi akaiona Lancia ya Miki Biasion ikipita, na mpaka leo hachoki kusimulia. Juzi amebishana na jirani yetu, nusura wanuniane. Jirani anasema Lancia ni Fiat tu iliyobandikwa nembo nyingine, tena rally ndizo zilizoifilisi. Baba anasema ilikuwa kampuni kamili yenye mwenyewe. Nani mkweli? Na mbona hatuzioni barabarani siku hizi? Baba amenituma pia nikuulize: yule tembo aliyechorwa kwenye gari aliwekwa kwa heshima ya Kenya?»

Marahaba mwanangu, na mzee umfikishie salamu zangu. Umeniuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mpaka mwaka 1969 baba yako yuko sahihi kabisa: Lancia ilikuwa kampuni inayojitegemea, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na wahandisi wenye fikra mpya kuliko wote Italia. Kuanzia hapo jirani anaikaribia kweli, maana Fiat ndiyo ikawa mwenye mali. Hilo la rally kuifilisi silikubali. Lancia ilikuwa imeshafilisika kabla ya kushinda taji hata moja la dunia la rally. Iliyoiangusha ni tabia yake yenyewe: ilitengeneza kila gari kana kwamba gharama si kitu, kisha ikaliuza kwa watu wachache.

Mwanzilishi ni Vincenzo Lancia, aliyezaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Fobello, kwenye milima ya Piemonte. Jina la ukoo wao maana yake ni mkuki, ndiyo sababu nembo yao ina bendera iliyofungwa kwenye mkuki. Baba yake alikuwa tajiri wa supu za makopo na alitaka mwanawe ashike kalamu. Kijana akaingia kama mtunza hesabu kwenye karakana ya baiskeli ya Ceirano mjini Torino, lakini mikono ikawa haitoki kwenye grisi. Mwaka 1899 Fiat ikainunua shughuli ya Ceirano, na Vincenzo akahamia nayo akiwa na miaka 18. Huko akawa dereva wa kujaribu magari mapya, kisha wa mashindano. Alishinda Coppa Florio mwaka 1904. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kwenye Vanderbilt Cup, akaongoza kwa mbali, halafu akagongana na gari la mshindani aitwaye Walter Christie. Alimaliza wa nne.

Kwa hiyo jirani yenu ana chembe ya ukweli hata katika mwanzo wenyewe, kwani mwenye Lancia alipikwa ndani ya Fiat. Novemba 1906 yeye na mwenzake wa huko huko, Claudio Fogolin, wakafungua kiwanda chao Torino. Haukupita muda moto ukateketeza michoro na vifaa vya gari la kwanza, ikabidi waanze upya. Magari ya mwanzo yaliitwa kwa nguvu za farasi tu. Baadaye kaka yake Vincenzo, Giovanni, mtu aliyesoma Kigiriki, akamshauri atumie herufi za lugha hiyo: Alfa, Beta, Gamma, Delta. Ile Delta aliyoiona mzee mwaka 1989 ilichukua jina kutoka kwenye ushauri huo.

Gari lililoiweka Lancia kwenye vitabu vya historia ni Lambda, lililooneshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1922. Hapa nitasimama kidogo, maana asiyeielewa Lambda hawezi kuelewa kwa nini sisi mafundi tunaitaja Lancia kwa heshima.

Umewahi kuona lori likifungwa bodi? Kwanza kuna chasisi, vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukatiza kama ngazi iliyolazwa chini. Injini inafungwa juu yake, ekseli chini yake, na bodi inakuja mwisho, inakalishwa juu kama sanduku kwenye mkokoteni. Mwaka 1922 karibu magari yote madogo yalijengwa hivyo hivyo. Yalikuwa mazito na marefu kwenda juu, na kwenye barabara mbaya yakijikunja na kulia kila kiungo. Vincenzo akaitazama meli. Meli haina chasisi, ubavu wake ndio unaobeba kila kitu. Akaagiza gari ambalo chuma cha bodi yenyewe, pande zote mbili, ndicho kitabeba injini, abiria na magurudumu. Sakafu ikashuka, gari likawa jepesi na gumu. Pale mbele akaondoa ekseli nzima iliyokuwa ikiunganisha magurudumu mawili, kila gurudumu akalipa springi yake ndani ya mrija wenye oili. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Breki aliziweka kwenye magurudumu yote manne, wakati watengenezaji wengi bado wanaweka za nyuma tu.

Toyota ndogo iliyoegeshwa nje ya nyumba yenu leo imejengwa kwa fikra hiyo hiyo ya bodi inayojibeba. Lambda ilitangulia kuitumia kwenye gari la kuuzwa kwa watu. Sasa angalia hesabu: katika miaka tisa ziliuzwa kama 13,000 tu.

Kitu cha pili ambacho fundi hakisahau ni injini yao ya V4. Miaka mingi nyuma, kabla sijaanza kufundisha, mteja mmoja aliletwa kwangu akiwa na Fulvia, Lancia ya miaka ya 1960. Nilizoea injini ya V iliyotanuka, yenye silinda za kulia na za kushoto, kila upande na kichwa chake. Nilipoinua boneti niliona injini imelala ubavu, fupi kama jiwe la kusagia, na kichwa kimoja tu. Nikadhani silinda zote zimepangwa mstari mmoja. Nilipokifungua ndipo nikaona silinda nne zimepishana, mbili huku mbili kule, zimebanana kwa pembe ndogo ya nyuzi zisizozidi 13, zote chini ya kichwa hicho kimoja. Juu yake kemshafti mbili: moja inafungua valvu zote za kuingiza, nyingine zote za kutolea moshi, kwa silinda za pande zote mbili. Nilikaa na kile kichwa mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kila uso wa chuma ulikuwa umesagwa kwa uangalifu ambao sijauona tena kwenye gari la bei yake. Nikawaza pia, na nawaza mpaka leo, kwamba mtu aliyelipia kazi ile kiwandani hakurudishiwa fedha yake na mnunuzi.

Hapo ndipo penye shina la jibu langu. Linganisha: Fiat Topolino, iliyoingia sokoni mwaka 1936, ilizidi nusu milioni kabla haijasimamishwa. Lancia Aprilia, ya mwaka 1937, ilifika takriban 27,000. Aprilia ilikuwa gari la ajabu kwa wakati wake, bodi imechongwa kupita hewani bila kupingana nayo, milango minne isiyo na nguzo katikati, magurudumu yote manne yenye springi za kujitegemea. Vincenzo aliiona tayari lakini hakuiona ikiuzwa. Moyo ulimsimama Februari 1937, akiwa na miaka 55.

Mjane wake Adele akaishikilia kampuni, na baadaye mwana wao Gianni akapewa usukani. Gianni alikuwa mtoto wa baba yake kweli kweli. Alikuwa naye Vittorio Jano, mhandisi aliyekuwa amejijengea jina kwenye kampuni ya Alfa Romeo, na mwaka 1950 wakatoa Aurelia, gari la kwanza kuuzwa kwa watu likiwa na injini ya V6. Giaboksi na klachi waliviondoa mbele wakavipeleka nyuma, kwenye difu, ili uzito ugawanyike sawa. Ukiniuliza nichague Lancia moja nipewe bure, nitachukua Aurelia B20.

Kisha Gianni akataka mashindano makubwa. Juan Manuel Fangio akashinda Carrera Panamericana ya Mexico mwaka 1953 kwa Lancia D24, Alberto Ascari akashinda Mille Miglia mwaka 1954. Ikaundwa D50 ya Formula 1, yenye matangi ya mafuta yaliyotundikwa ubavuni kati ya magurudumu. Tarehe 22 Mei 1955, kule Monaco, Ascari alikosa kona akatumbukia baharini na gari lake. Alitoka akiogelea. Siku nne baadaye alikuwa Monza, akaendesha Ferrari ya majaribio, akafa. Lancia haikuwa na fedha wala moyo wa kuendelea. Julai mwaka huo magari yote ya D50 wakapewa Ferrari, na mwaka 1956 Fangio akatwaa ubingwa wa dunia kwa magari hayo hayo yakiwa na jina la watu wengine.

Wakati huo huo Lancia ilikuwa inajenga makao yake makuu Torino, ghorofa refu lililopita juu ya barabara. Ghorofa lilikuwa linapanda na fedha zinashuka. Familia ikauza kampuni kwa Carlo Pesenti, tajiri wa saruji. Kwa hiyo kama mnatafuta mashindano yaliyoiumiza Lancia, ni haya ya miaka ya 1950, ya Formula 1, na hata hayo yaliugusa ugonjwa uliokuwepo tayari.

Pesenti naye hakubadilisha tabia. Chini yake mhandisi Antonio Fessia alitoa Flavia mwaka 1960, ikivutwa na magurudumu ya mbele, halafu Fulvia mwaka 1963. Magari mazuri, ya gharama, ya watu wachache. Mwaka 1969 madeni yalikuwa yamezidi kimo, na Fiat ikaichukua kwa lira moja kila hisa, ikibeba na madeni yote.

Sasa tuje kwa mzee na rally zake. Mtu wa kumkumbuka hapa ni Cesare Fiorio, aliyeanzisha timu ya HF Squadra Corse mwaka 1963 kwa fedha kidogo. Fulvia ilishinda Monte Carlo mwaka 1972 ikiwa na Sandro Munari, wakati ambapo Fiat ilikuwa imeanza kujiuliza iifanyie nini Lancia. Ushindi ule uliipa Lancia sababu ya kuishi. Ndiyo maana namwambia jirani yenu kwamba rally ziliiongezea siku. Fiat ikakubali kujengwa Stratos, gari fupi kama kabari lililobuniwa na Marcello Gandini wa Bertone, likiwa na injini ya V6 ya Ferrari Dino nyuma ya viti. Lilileta mataji ya dunia ya 1974, 1975 na 1976.

Safari ya Kenya ikawagomea. Mwaka 1974 Munari alikuwa wa tatu na Fulvia. Mwaka 1975 walikuja na Stratos, Munari akawa wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari tena wa tatu. Gari lililokuwa likiwatandika watu Ulaya nzima lilikuwa likifika kwetu na kukuta mawe, matope, na maelfu ya kilomita kwenye barabara zenye mabasi na ng'ombe. Miaka ya 1980 wakaleta 037. Gari hilo lilikuwa limechukua taji la dunia la watengenezaji mwaka 1983, mara ya mwisho kwa gari linalosukumwa na magurudumu mawili. Safari ya mwaka 1986 Markku Alén alilifikisha nafasi ya tatu, mbele yake Toyota mbili.

Mwaka ule ule, tarehe 2 Mei, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa Corsica ndani ya Delta S4. Attilio Bettega alikuwa amekufa kisiwa hicho hicho, katika 037, tarehe kama hiyo mwaka mmoja kabla. Magari ya Group B, kundi la magari ya rally yenye nguvu nyingi mno ambamo 037 na S4 zilikuwemo, yakapigwa marufuku, na kuanzia 1987 rally zikarudi kwa magari yanayofanana na yale ya dukani, yaliyotengenezwa si chini ya 5,000. Watengenezaji wengi walikutwa hawajajiandaa. Lancia ilikuwa na Delta, gari la familia lenye milango mitano, lililochorwa na Giorgetto Giugiaro na kutoka mwaka 1979. Wakaliwekea turbo na kulifanya livute kwa magurudumu yote manne, na wakachukua mataji sita mfululizo, 1987 mpaka 1992. Ukijumlisha na ya awali yanakuwa kumi, na hakuna mtengenezaji aliyeyafikia mpaka leo.

Ndipo Safari nayo ikakubali. Biasion akashinda mwaka 1988, Mwitaliano wa kwanza kufanya hivyo, akarudia 1989, na Juha Kankkunen akaongeza wa tatu mwaka 1991. Mzee atakumbuka gari lenyewe: bomba la kuvuta hewa limepandishwa kando ya kioo cha mbele ili injini isinywe maji mtoni, vyuma vizito mbele ya bampa kwa ajili ya wanyama, limeinuliwa juu ya matairi yake, na mistari ya Martini, kampuni ya vinywaji iliyowadhamini, imefunikwa na udongo mpaka haisomeki. Juu yake helikopta inatangulia kuangalia njia.

Basi kama walikuwa wanashinda hivyo, kwa nini wameisha? Sababu ya kwanza ni kutu. Beta, gari la kwanza la enzi za Fiat, lilioza hasa kwenye fremu inayoshika injini, na kule Uingereza mwaka 1980 ikabidi kampuni iyanunue tena baadhi ya magari kutoka kwa wateja. Gamma, iliyofuata, ilikuwa na kosa la kuumiza kichwa: pampu ya usukani iliendeshwa na kemshafti, kwa hiyo ukiwasha injini asubuhi ikiwa baridi na kukunja usukani mpaka mwisho, mkanda wa taiming unaweza kuruka meno na valvu zikagonga pistoni. Mteja aliyelipa bei ya Lancia hasahau jambo kama hilo.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Mwaka 1986 Fiat iliinunua Alfa Romeo. Nyumba moja ikawa na wake wawili waliopika chakula kimoja, na Fiat ikaamua Alfa iwe ya michezo, Lancia iwe ya starehe. Huku Delta inashinda dunia, dukani Lancia ikaambiwa iuze utulivu na viti vya velveti, kwenye magari ambayo chini ya bodi yaligawana vyuma na Fiat. Timu ya kiwanda ikaondoka mwisho wa 1991, na taji la 1992 likaletwa na timu ya Jolly Club. Delta ya zamani ikasimamishwa bila mrithi wa kushindana. Huo ulikuwa uamuzi wa ofisini, na mimi nauhesabu kuwa kosa kubwa kuliko kutu yote ya Beta.

Kuhusu kutoziona barabarani kwetu, jibu ni usukani. Mwaka 1994 Lancia iliondoka Uingereza, na kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuendelea kutengeneza usukani wa kulia kwa jina lake. Kenya hairuhusu kuingiza magari ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala yaliyozidi miaka minane. Njia ikafungwa. Ulaya kwenyewe, kuanzia 2011 magari ya Chrysler ya Marekani yalibandikwa nembo ya Lancia, na hapo ndipo maneno ya jirani yenu yalipotimia kabisa, isipokuwa yeye alitaja kampuni nyingine. Halafu ikabaki na gari moja dogo, Ypsilon, na kuanzia 2017 likauzwa Italia peke yake. Mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama ya sasa, ilitoa Ypsilon mpya inayotengenezwa Zaragoza, Hispania, juu ya msingi mmoja na Peugeot 208 na Opel Corsa. Kwa hiyo Lancia haijafa, ila ukimfungulia Vincenzo boneti yake hataona kitu alichokibuni yeye.

Nimebakiza tembo. Mwambie mzee anisamehe, hakuwekwa kwa ajili ya Kenya. Gianni Lancia ndiye aliyemchagua awe alama ya bahati ya magari ya mashindano, tembo mdogo anayekimbia, na baadaye akahamia kwenye magari ya HF mpaka kwenye Delta. Ila mwaka aliochaguliwa mzee ataupenda: ni 1953, mwaka ule ule magari ya kwanza ya Safari yalipong'oa nanga Afrika Mashariki. Tembo na Safari walianza pamoja, wakachukua miaka 35 kufika siku Biasion alipomvusha wa kwanza.